Kuchanganya spea za transfa kesi za gari tofauti: soma kibati, achana na nembo

Wakuu, lile swali la "naweza kutoa transfa (lile boksi la nyuma ya gia boksi linalogawa nguvu kwa propela ya mbele na ya nyuma kwenye gari la fo-wili) ya gari fulani nikaifunga kwenye yangu" jibu lake fupi ni ndio, inawezekana, na watu wameshafanya sana tu. Ila wengi wanakwama sehemu ambayo hawakuitegemea kabisa. Mtu anahangaika na ratio (uwiano wa mizunguko ya gia), ooh hii ina lo (ile gia ya mwendo mdogo wenye nguvu) nzito kuliko ile, wakati ratio ndo kitu rahisi kuliko vyote, unaisoma tu. Kinachokula siku zako ni mdomo, mkia na upande. Mdomo ni pale transfa inapopokea shafti ya gia boksi, mkia ni pale propela ya nyuma inapofungwa, na upande ni kule mkono wa propela ya mbele ulikotokea. Hivyo vitatu vikikubaliana umemaliza robo tatu ya kazi, visipokubaliana hata kama transfa ni ya dhahabu itabaki chini ya benchi inakusanya vumbi.

Kwanza elewa kwa nini hii kitu inawezekana. Transfa nyingi za pikapu za Kimarekani hazikutengenezwa na kampuni yenye nembo kwenye bonet. Zilitoka kiwanda kimoja cha New Process Gear kule Syracuse, New York, ndo maana unakuta NP205 kwenye Chevrolet, kwenye Dodge na kwenye Ford, na NP208 hivohivo, alafu NP231 iko kwenye Jeep, iko kwenye Dodge Dakota, iko kwenye Chevrolet S-10. Mwaka 1990 Chrysler na General Motors wakaunganisha nguvu ikawa New Venture Gear, kwaiyo ukiona NV241 na NP241 usichanganyikiwe, ni ukoo mmoja. Ford baadae wakaenda kwa BorgWarner, na 1356 yao ndo maarufu. Toyota, Suzuki na Land Rover ni koo nyingine, ntazigusa chini.

Sasa kibati. Transfa za New Process zina kibati kidogo cha duara kimefungwa na bolti moja nyuma ya kesi, mara nyingi kimejaa tope na oili mpaka mtu anadhani ni sehemu ya chuma. Kisugue taratibu na brashi laini na dizeli kidogo, usitumie brashi ya waya utafuta maandishi. Pale utakuta modeli, ratio ya lo, namba ya asembli na tarehe ya kutengenezwa. Modeli zenyewe za kisasa zinajieleza: kwenye 231, ile 2 ya kwanza ni spidi mbili, yani hai na lo, ile 3 ni daraja la nguvu, na 1 ya mwisho ni aina ya mfumo, hapo ni part-time (fo-wili ya kuwasha na kuzima) ya kubadili na liva. Ndo maana 241 ni kaka mkubwa wa 231, na 242 ina fo-wili ya kudumu ya kuchagua, na 233 ni kama 231 ila inabadilishwa kwa umeme. Zile za zamani 203, 205 na 208 hazifuati huo mpangilio, hizo unazikariri tu.

Ratio zenyewe ni hizi: NP205 lo yake ni 1.96, NP203 ni 2.01, NP208 ni 2.61, NP231 na NP241 na NP242 zote 2.72, BorgWarner 1356 ni 2.69, Dana 300 ya Jeep CJ za 1980 mpaka 1986 ni 2.62. Jeep Rubicon ilivyotoka 2003 ikaja na NV241 maalum yenye 4.0. Kama kibati kimepotea weka transfa kwenye benchi, tia Lo, chora alama ya chaki kwenye mdomo na nyingine kwenye mkia, zungusha mdomo kwa mkono uhesabu mizunguko mpaka mkia umalize mzunguko mmoja. Ukihesabu karibu miwili ujue ni 205 au 203, ukihesabu miwili na robo tatu hivi ni ukoo wa 231. Mkiwa wawili ni rahisi zaidi, mmoja anazungusha mwingine anaangalia chaki, peke yako utarudia mara tatu.

Kabla hujatamani lo nzito piga hesabu ya mwisho, maana namba ya transfa peke yake haikuambii kitu. Chukua ratio ya gia ya kwanza, zidisha na lo ya transfa, zidisha na ratio ya difu. Gia boksi SM465 ya Chevrolet gia ya kwanza ni 6.55, ukiwa na NP205 na difu za 4.10 unapata kama 52. Toa 205 weka 241 inakua 73. Hiyo ni tofauti ya kuisikia kwenye mguu, gari inashuka mteremko yenyewe bila kugusa breki. Lakini pia 205 ni ya chuma cha kusubu, gia kwa gia, haina cheni ya kukatika, na 241 ni alumini na cheni. Mi binafsi kwa gari la kubeba mzigo mzito nabaki na 205 na lo yake hafifu, kwa gari la kutambaa kwenye mawe nachukua 241. Wengine watabisha, sawa.

MDOMO

Hapa ndo nimewahi kupoteza Jumamosi nzima na Jumapili yake. Nilikua na Jeep Cherokee, transfa yake 231 ilianza kulia na kuruka cheni, nikapata 231 nyingine safi ya Chevrolet, kibati kinasoma 231, ratio 2.72, mkono wa mbele uko kushoto kama ya kwangu, nikasema hapa nimeokota. Nikashusha ya zamani, nikawa nalala chini ya gari na ile nyingine iko kifuani inanikandamiza, nasukuma haingii, nazungusha haingii, napaka grisi haingii, mpaka nikatoka nikatulia nikachukua tochi. Shafti ya gia boksi ina meno 23. Mdomo wa ile transfa una meno 27. Wakuu, ningehesabu kabla nisingelala chini hata dakika tano.

Kwaiyo hesabu splaini, yani hayo meno ya shafti na ya mdomo, na uhesabu mara mbili. Weka alama ya chaki kwenye jino moja zunguka mpaka urudi. Kwa haraka haraka Chevrolet na GMC wanatumia 27 na 32, zile 205 za zamani zao kuna zenye 10 tu manene, Dodge wana 23 na 29, Ford ni 31, Jeep Cherokee na Wrangler za miaka ya kwanza 21 alafu kuanzia kama 1991 wakahamia 23. Toyota Hilux za silinda nne ni 21, za V6 na turbo ni 23. Usije ukadhani 23 ya Toyota ni sawa na 23 ya Jeep, idadi ya meno ikifanana pima na kipenyo kwa venia, na kama una uwezo weka shafti na mdomo vikutane kwa mkono kabla ya kununua.

Meno yakiwa sawa, pima urefu. Gia ya mdomoni ya Jeep 231 ziko fupi, za kati na ndefu kutegemea ilikua nyuma ya gia boksi ipi. Ikiwa fupi sana inashika splaini kidogo tu kwenye ncha na hiyo ncha italika, ikiwa ndefu sana itagota kabla uso wa kesi haujakutana na uso wa gia boksi, na yule fundi wa haraka ataanza kuvuta pengo kwa kukaza nati. Usifanye hivyo. Nati zile sita hazipo pale kuvuta, zipo kushikilia, pengo likibaki hata la milimita tano toa ujue kwa nini, ukivuta utapasua sikio la alumini au utaisukuma beringi ya mbele nje ya kiti chake.

Na dawa ya mdomo usiokubali mara nyingi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani: unahamisha gia ya mdomoni kutoka transfa yako ya zamani kwenda kwenye mpya. Kwa zile za ukoo wa 231/241 unafungua kifuniko cha mbele kinachoshika oil sili, ndani unakuta sakilipu (ringi ya chuma ya kubana) kubwa inayoshikilia beringi, ukiitoa gia ya mdomoni na planetari yake (zile gia ndogo zinazoizunguka) vinashuka kwa ndani. Hapo planetari unaifungua unatoa gia ya katikati na kuweka yako. Angalia sana mpindo wa meno, kwa sababu kuna matoleo ya zamani na ya baadae ambayo pembe ya meno haifanani, kwa macho yanaonekana ndugu kabisa lakini ukiingiza kwa mkono unasikia inakwaruza au inagoma. Ikigoma hamisha planetari nzima pamoja na gia yake. Pia tumbukiza kidole ndani ya kitako cha gia hiyo, kuna kiberingi cha sindano ambacho pua ya shafti kuu inakaa ndani yake, kama pua ya shafti na kiberingi havifanani utakua umetengeneza kelele mpya.

UPANDE

Kaa kwenye gari ukiangalia mbele, kushoto ni kushoto, kulia ni kulia, usiseme "upande wa dereva" maana dereva anahama kutegemea usukani. Chevrolet za ekseli ngumu difu ya mbele iko kulia. Dodge za miaka ya 80 mpaka 1993 kulia, kuanzia 1994 kushoto. Ford F-series za kuanzia mwisho wa miaka ya 70 kushoto. Jeep CJ kulia, Wrangler na Cherokee kushoto. Hilux na Land Cruiser za ekseli ngumu kulia. Transfa ambayo mkono wake umetokea upande tofauti na difu haikusaidii, propela ya mbele itapita chini ya injini kwa mshazari, haitaki.

Kuna watu wanageuza Dana 300 juu chini ili mkono uhamie upande wa pili na kweli inafanya kazi, ni moja ya transfa chache zinazokubali, ila ukishageuza sehemu iliyokua inaoga oili sasa iko juu inakauka. Lazima ufikirie oili itafikaje kule, na tundu la kujazia na la kupumulia vyote vimehama. Hata kuzungusha kidogo tu, ile watu wanafanya ili kesi isining'inie chini igonge mawe, inabadilisha usawa wa oili. Ukizungusha juu sana propela ya mbele inagusa sakafu au bomba la ekzosi gari ikijikunja, kwaiyo kabla hujatoboa matundu mapya kwenye adapta ishikilie kwa bolti mbili na uzungushe propela kwa mkono huku ekseli ikiwa imepandishwa na jeki upande mmoja mpaka mwisho.

KUFUNGUA NA KUPANGA ILE 231

Hii naeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu ndo rahisi kuipata na ndo inapokea spea za ndugu zake vizuri. Mwaga oili, toa nati ya yoki ya mbele (pale propela ya mbele inapofungwa), toa mkia na sakilipu yake, alafu bolti za kuzunguka kesi. Usichomeke bisibisi kati ya nyuso mbili, alumini inachubuka na baadae oili itavuja pale pale. Kwenye kona kuna masikio mawili yaliyotengenezwa kwa ajili ya kubinua, tumia hayo. Nusu ya nyuma ikitoka pampu ya oili na bomba lake la kunyonya vinabaki nayo au vinabaki kwenye shafti, angalia kijichujio mwisho wa bomba, mara nyingi kimejaa uji wa vumbi la chuma. Cheni unaitoa pamoja na sproketi zote mbili kwa mpigo mmoja, ukijaribu kutoa moja moja utajibana vidole.

Shika cheni kwa ulalo uone inavyojikunja. Cheni mpya ukiishika kwa ubapa inakaa karibu kunyooka, iliyochoka inalala kama kamba. Hapo ndo mahali pa kuboresha. Jeep nyingi zina cheni ya upana wa inchi 1, wakati 231 nzito za Dodge Ram zina ya inchi 1 na robo. Ukitaka hiyo pana usichukue cheni peke yake, chukua familia nzima, cheni, sproketi mbili na shafti ya mkono wa mbele, alafu ukishapanga kabla ya kufunga zungusha kwa mkono mizunguko kumi hivi ukiangalia cheni isiguse ukuta wa kesi mahali popote. Planetari nayo, Jeep nyingi zina pinioni tatu, ya 241 ina sita na inaingia ndani ya 231. Ratio inabaki ileile 2.72 ila mzigo unagawanywa kwa meno mengi zaidi. Kama umeamua kufungua na una 241 iliyopasuka kesi pembeni, hiyo planetari ni ya kuokoa.

Zile foku za kubadilishia gia zina vipedi vya plastiki, ni vidogo vinadharaulika, vikiisha transfa inatoka Lo yenyewe ukiwa katikati ya mteremko. Weka vipya hata kama vya zamani vinaonekana vizuri. Kwenye kufunga, safisha nyuso mpaka zing'ae, paka silikoni nyembamba, uzi mmoja tu, ile inayomwagikia ndani ndo inaenda kuziba kijichujio. Bolti za kesi kaza Nm 27 mpaka 34, nati ya yoki ya mbele Nm 122 mpaka 176. Wakati unashusha nusu ya nyuma hakikisha bomba la kunyonya limebaki kwenye shimo la pampu, ni rahisi sana kuchomoka bila kujua, na transfa bila pampu utaiendesha vizuri tu kwa muda alafu mkia utaanza kunuka.

Kuhusu pampu, kama unachukua NP246 ya pikapu za General Motors za kuanzia 1998 geuza nusu ya nyuma uangalie pale pampu inapokaa. Masikio ya pampu yanacheza na kula alumini mpaka kesi inatoboka, oili inatoka kidogo kidogo mwenye gari haoni. Kuna sahani ya kuzuia hiyo, iweke hata kama kesi bado nzima.

LIVA MBILI NA TRANSFA MBILI

NP205 ina raha yake. Ndani kuna reli mbili za kubadilishia, moja ya mbele moja ya nyuma, na katikati yake vidonge vidogo vya chuma vinavyozuia usichague vitu visivyoendana. Watu wanataka liva mbili ili wapate Lo ya nyuma peke yake, inasaidia kukata kona kali au kurudi nyuma na trela bila kulazimisha mbele. Wanafungua vidonge wanatupa, wanaweka liva mbili, wanafurahi. Shida ni hii, ukivitupa vyote unaweza kuweka mbele Lo na nyuma Hai kwa wakati mmoja, na hapo kitu lazima kipasuke, gia au joint au difu, chochote kilicho dhaifu. Njia nzuri ni kusaga kidogo reli na vidonge ili chaguo unazotaka zipatikane, na ile mbaya ibaki imefungwa. Saga kidogo, jaribu, saga tena. Ukizidisha hakuna kurudi. Kama huna uvumilivu huo basi weka alama kubwa kwenye liva na usimpe mtu mwingine gari.

Na sasa ile ya wendawazimu. NP203 ilikua full-time (fo-wili muda wote), nzito, inakula mafuta, watu waliichukia wakaitupa, lakini sehemu yake ya mbele ni boksi kamili la hai na lo linalojitegemea. Unalifungua kutoka kwenye transfa yake, sehemu ya cheni unaacha, unalifunga mbele ya NP205 kwa sahani ya adapta na shafti yake. Unakua na lo mbili zinazozidishana, 2 mara 1.96, kama 3.9 hivi. Ile SM465 yetu na difu 4.10 inatoka 52 inapanda 105. Ila angalia mambo mawili. Uzito, maana 205 peke yake ni kilo 60 na kitu, ukiongeza boksi la chuma mbele yake mkia wa gia boksi hauwezi kubeba hiyo mizigo, lazima utengeneze kroswa (chuma cha kukatiza) nyingine kwenye fremu ishike nyuma kabisa, na iwe na raba sio chuma kwa chuma. Na urefu, transfa imerudi nyuma, kwaiyo propela ya nyuma inakua fupi na kali pembe, ya mbele inakua ndefu.

Toyota ni wazo hilohilo na pengine limekaa vizuri zaidi. Transfa ya Hilux ya gia kwa gia ina lo ya 2.28 na sehemu ya kupunguza mwendo inatengana na sehemu ya kugawa, kwaiyo unachukua sehemu ya mbele ya transfa ya pili unaifunga katikati kwa adapta. Na gia boksi ya W56 yenye gia ya kwanza 3.95 na difu 4.10 unatoka 37 unafika 84. Kampuni ya Marlin Crawler ndo walioifanya hii iwe kitu cha kawaida, na wanatengeneza pia gia za 4.7 kwa asiyetaka boksi mbili. Hizi transfa ni ndogo, ni ngumu, watu wanazipeleka mpaka chini ya Suzuki.

Suzuki yenyewe transfa yake imekaa peke yake katikati ya fremu, haijashikana na gia boksi, kwaiyo mdomo wake ni propela fupi na flanji, maisha ni rahisi. SJ410 ina hai ya 1.58 na lo ya 2.51, SJ413 na Samurai zina 1.41 na 2.27. Ukiweka gia za 410 kwenye Samurai yenye matairi makubwa unarudisha ule wepesi uliopotea, karibu asilimia 12 kwenye hai, ila kama matairi ni ya kawaida injini itakua inapiga kelele barabarani kwa kasi ileile. Kagua mikono ya kushikilia na matundu ya flanji kabla.

Land Rover wao ni kinyume, watu wanataka hai nyepesi. Transfa yao ni LT230, ya Defender ina hai ya 1.41, ya Discovery ina 1.22, lo zote 3.32, ukihamisha ya Discovery injini inashuka mizunguko kama asilimia 13 hivi kwenye lami na mlimani hujapoteza kitu. Spidomita haiharibiki kwa sababu inachukulia mkiani, baada ya gia. Ila kuwa makini na Discovery 2, kuna zilizotoka bila vyuma vya kufunga difu ya katikati ndani, utanunua alafu utajiuliza kwa nini liva haifanyi kitu.

MKIA NA PROPELA

Jeep 231 mkia wake ni ule wa propela kuteleza juu ya shafti, ukichomoa propela oili inamwagika, na ukiinua springi za gari inaanza kutetemeka. Kuna seti ya spea ya kubadili mkia uwe na yoki ya kufunga na bolti. Ya maana inabadilisha shafti kuu nzima ikawa fupi na nene, ya bei ya chini inakata shafti yako mwenyewe na kutoboa uzi kwenye ncha. Kama transfa iko wazi tayari kwa sababu ya cheni na planetari, fanya ile ya maana hapohapo, kufungua mara ya pili kunachosha. Propela itabidi iwe ndefu zaidi na yenye joint mbili upande wa transfa, na hapa watu wanachukua propela ya mbele ya Cherokee wanaifanya ya nyuma, ila pima kwanza gari ikiwa imekaa kwa magurudumu yake, sio inaning'inia kwenye jeki.

Pembe: propela yenye joint moja kila upande, mkia wa transfa na pua ya difu viwe sambamba. Yenye joint mbili upande wa transfa, pua ya difu iangalie moja kwa moja kwenye transfa, ishuke digrii moja au mbili ili ikivutwa na mzigo inyooke. Ukichanganya hizi mbili utabadilisha joint kila baada ya miezi na kulaumu waliotengeneza.

Na spidomita, gia ndogo ya plastiki mkiani ina idadi ya meno, chukua ile ya gari yako usichukue ya transfa uliyoletewa. Gari za sensa angalia plagi kama zinafanana. Transfa za kubadili kwa umeme mi sipendi kuzihamisha kutoka gari moja kwenda nyingine, kompyuta yake inataka kuongea na gari lake, bora utafute ileile ya liva. Kwa Ford 1356 ziko za aina zote mbili.

KUWASHA

Oili usichanganye. Za cheni, yani 208, 231, 241, zinakunywa ATF, ile nyekundu, 231 inachukua kama lita 1 tu. Za gia kwa gia kama 205 na Dana 300 zinakunywa oili ya gia 80W-90. Ukitia 80W-90 kwenye ya cheni pampu inashindwa kuinyonya asubuhi ikiwa baridi.

Kabla ya kushuka jeki zungusha propela ya nyuma kwa mkono kwenye kila nafasi, 2H (hai, nyuma tu), 4H (hai, mbele na nyuma), N (huru), 4L (lo, mbele na nyuma). Kwenye N izunguke huru kabisa. Alafu washa gari magurudumu yote manne yakiwa hewani kwenye stendi imara, gia ya kwanza, sikiliza. Mlio wa kupanda na kushuka kama filimbi ni gia, mlio wa kukwaruza wa mpigo sawa ni cheni inagusa, mtetemo bila mlio ni propela. Shuka, endesha kama kilomita 20 kwenye 2H, gusa kesi kwa mgongo wa mkono. Moto wa kuvumilika ni sawa, ikikuunguza mkiani karibu na pampu zima gari ufungue. 4H jaribu kwenye vumbi au mchanga, sio lami kavu, maana transfa za part-time hazina difu katikati zitajikaza zenyewe na utadhani umekosea kupanga.

Kilomita 500 za kwanza mwaga oili, pitisha sumaku. Uji laini wa kijivu ni kawaida ya vitu vipya vinavyozoeana. Ukikuta kipande unachoweza kukishika kwa vidole viwili, angalia kwanza kama ni plastiki ya foku au ni chuma, kabla hujaanza kushusha tena.